Volti Tano za Mama

Ndugu yangu anayenifuata kuzaliwa ni fundi wa malori, na tangu aanze kazi hiyo hajakutana na kitu asichokijua. Mpe saa ya ukutani, atakwambia ni kama lori tu: ina betri, ina waya, ina mahali pa kuwasha na mahali pa kuzima. Mpe simu iliyoingia maji, atakwambia ni kama lori lililovuka mto. Mimi nimesomea umeme wa vifaa vidogo katika chuo cha ufundi, nina kibanda changu hapa Eldoret karibu na soko, natengeneza redio, simu na spika za makanisa, na bado kila tukikaa mezani yeye ndiye hunieleza umeme ni nini. Nimemvumilia miaka mingi. Hasira ninayoiandika hapa ni ya mambo ya mwaka jana, na haijapoa.

Mama yetu alianza kusahau polepole. Mwanzoni alitia chumvi kwenye uji badala ya sukari, tukacheka naye. Baadaye akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa, na hapo kicheko kikaisha. Kisha akaanza kutoka. Alikuwa akiokota gunia tupu, analikunja, analiweka kwapani, anashika njia. Ukimuuliza anakwenda wapi, anakujibu bila kusita kwamba anakwenda Moi's Bridge kuvuna, na kwamba wenzake wamemtangulia. Aliwahi kufanya kazi ya kuvuna mahindi huko, kwenye shamba kubwa la watu, kabla sisi hatujazaliwa. Sasa yuko Munyaka, mtaa wa hapa Eldoret, kwenye nyumba tuliyomjengea na ninamolala naye, miaka yote hiyo imepita, na bado anaogopa kuchelewa kazini.

Mara ya kwanza tulimkuta kwenye kona ya barabara ya lami. Mara ya pili alirudishwa na mwendesha boda boda aliyemjua. Mara ya tatu lori lilifunga breki mbele yake mpaka matairi yakatoa moshi, na dereva akashuka akitetemeka kuliko mama mwenyewe. Jioni hiyo ndugu yangu alikuja nyumbani akasema jambo lililonipandisha mori mpaka nikasimama.

"Dada, tuweke kufuli. Mchana tu, vile wewe uko kazi na mimi niko gereji."

"Mama si ng'ombe."

"Sijasema ni ng'ombe. Nimesema kufuli."

Alijua, au alijifanya hajui, kwamba mama hawezi kabisa mlango uliofungwa. Tangu augue, mlango ukifungwa hata kwa sababu ya baridi, na baridi ya Eldoret si mchezo, anausimamia na kuusukuma kwa viganja huku akihema kama mtu aliyekimbia. Mchana kutwa mlango wa mbele lazima uwe wazi na kiti chake kiwe barazani. Hayo ndiyo maisha aliyobakiwa nayo: mlango wazi, jua kidogo, na kuku wa jirani wa kuwafukuza. Nikamwambia ndugu yangu kwamba nitafunga kitu cha kutuarifu mama akianza kutoka, na kwamba asilitaje tena neno kufuli mbele yangu. Akanitazama vile anavyotazama injini ambayo ameshaamua haitawaka.

"Mwezi moja," akasema. "Akipotea tena hata mara moja, tunafunga."

Nikakubali. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba ningekubali hata wiki.

Nilichokuwa nacho kibandani ni sensa ya mwendo, kidude cha ukubwa wa kiberiti chenye jicho jeupe la plastiki. Mtu akipita mbele yake, joto la mwili wake linaigutusha, nayo inaliza kengele. Nimezifunga nyingi Elgon View, kwenye mageti ya watu wenye nafasi, ambako hata paka akipita anawashiwa taa kama mgeni wa heshima. Ilikuwa inanikera kila mara nikishuka ngazi huko kwamba paka wa watu wana sensa na mama yangu hana. Hii yangu nyuma yake pameandikwa volti tano. Shida ilikuwa umeme wa kuilisha. Stima ya Munyaka hupotea inapotaka, kwa hiyo sikuthubutu kuitegemea. Nyumba ya mama ina sola, na sola hiyo inajaza betri mbili za lori alizozileta ndugu yangu, zilizounganishwa moja baada ya nyingine hadi zinatoa volti ishirini na nne. Ishirini na nne kwa kitu cha tano! Ni kama kumlisha mtoto mchanga ugali wa mjenzi.

Kesho yake nilifunga kibanda mapema nikaenda kutafuta kibao cha kupunguza volti. Kwenye duka la kwanza mtu wa kaunta alinisikiliza nusu, akaniambia ninunue resista mbili nizifunge pamoja, yaishe. Nikamwambia resista mbili zinagawa volti vizuri kabla ya kufunga mzigo, lakini ukishafunga mzigo volti zinaanguka, kwa hiyo hiyo ni njia ya kupunguza ishara, si njia ya kulisha chombo. Akaangalia juu ya bega langu kana kwamba kuna mtu nyuma yangu.

"Mama, ambia mzee akuje mwenyewe nimweleze."

Mzee gani? Sina mzee. Nina mita, nina cheti, na nina mikono. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, nikatoka.

Duka la pili lilikuwa la mzee mmoja Msomali anayeuza vifaa vya sola na vya malori, mtu wa maneno machache. Huyo hakumtafuta mtu nyuma yangu. Aliniuliza volti ngapi zinaingia, volti ngapi zinatakiwa, na mzigo unakula mkondo kiasi gani, maswali matatu ya mtu anayejua kazi. Kisha akaweka kibao kidogo mezani, chenye skrubu ya shaba pembeni.

"Hii inashuka mpaka tano, dada. Lakini usifunge kabla ya kupima. Zinatoka kiwandani vile zinataka."

Alisema kweli. Nilipokiunganisha na betri na kuweka mita, kilikuwa kinatoa kumi na moja. Ningekifunga hivyo hivyo, sensa ingeungua. Nikazungusha skrubu kwa bisibisi polepole, kumi, nane, sita, mpaka nikafika tano, nikatia tone la rangi ya kucha juu yake isije ikajizungusha. Halafu nikafunga sensa na kupima tena ikiwa kazini. Tano. Nilicheka peke yangu pale kwenye betri, nikaona raha ambayo sijui kama watu wengine huipata kwenye namba.

Sensa niliipachika kwenye ujia mwembamba kati ya ukuta wa nyumba na ua, ambako lazima upite ukienda langoni. Kengele niliiweka nyuma, jikoni, isimshtue mama. Aliyepaswa kuisikia ni mama jirani, mjane wa mlango wa pili, ambaye tulimwomba ashinde na mama mchana, apike, afue na kumwangalia. Siku ya kwanza nilibaki nyumbani nijionee. Saa nne hivi mama akaokota gunia, akaingia kwenye ujia, kengele ikalia jikoni. Mama jirani akatoka akifuta mikono kwenye kanga, bila haraka, akamkuta kabla hajafika langoni.

"Shosho, mahindi bado haijakauka. Wamesema kesho."

Mama akaangalia angani. "Ni kweli," akasema. "Na kuna mvua." Akageuka, akarudi kwenye kiti chake, akaweka gunia magotini. Hakuna aliyemshika mkono. Hakuna aliyemwambia hapana. Niliingia jikoni nikajifanya natazama kengele, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka.

Ilikwenda hivyo zaidi ya wiki mbili. Mara tatu au nne kwa siku kengele inalia, mama jirani anatoka, mahindi hayajakauka, mama anarudi kitini. Ndugu yangu alipokuja Jumapili nilimwonyesha kila kitu, kibao, skrubu, waya, na nitakiri kwamba nilimwonyesha kwa kiburi. Akasema, "Iko sawa," kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu, kisha akazunguka kwenye betri zake akaanza kuzipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Kisha kengele ikaanza kulia bila mtu.

Nilijua sababu yake. Vibao vile vya kupunguza volti hufanya kazi kwa kukatakata umeme haraka sana, na umeme unaotoka unakuwa na mikwaruzo midogo. Sensa yenye jicho kali hudhani mikwaruzo hiyo ni mtu anapita. Dawa yake ni kapasita moja karibu na sensa, iulainishe ule umeme, kazi ya dakika kumi. Nilikuwa na kapasita za kujaza debe. Lakini wiki hiyo kanisa moja lilikuwa limeniletea mashine ya spika ya mkutano wao wa Jumapili, nikawa narudi nyumbani usiku sana, nikamwambia mama jirani kwenye simu kwamba nitaitengeneza kengele Jumapili jioni.

"Inalia hata shosho akiwa amelala," akalalamika. "Leo nimekimbia mara kumi na moja. Mimi nitaharibika magoti."

"Vumilia siku chache tu, mama."

Sikuwahi kufikiri kwamba angechoka na kumwita mtu mwingine. Jumatano mchana ndugu yangu akanipigia simu. Nilikuwa na mteja mbele yangu na chuma cha kulehemu mkononi.

"Dada, hii kitu yako ni ya volti ngapi?"

Naisikia sauti yake hata sasa. Haikuwa na majivuno. Aliuliza tu, kama fundi anavyomuuliza fundi. Lakini mimi nilisikia miaka yote ya kuelezwa kazi yangu mezani, nikamsikia na yule mtu wa kaunta, nikapandwa na mori.

"Wachana nayo! Hata nikikuambia hutaelewa."

Nikakata simu. Mteja akacheka, nami nikacheka naye, nikajiona nimeshinda.

Baada ya saa moja hivi alinitumia picha, na chini yake maneno: "Imepona. Hailii ovyo tena." Picha yenyewe sikuifungua. Nilijua ameshagusa kazi yangu, na nilijua nikiitazama nitachemka mbele ya watu, kwa hiyo nikaiacha ilivyo, nikapanga kwamba Jumapili nitarekebisha na kumfokea kwa pamoja. Alhamisi mama jirani akaniambia kengele inalia vizuri shosho akipita na haisumbui tena. Ijumaa vilevile. Badala ya kufurahi niliumia, kwa sababu ndugu yangu alikuwa amefaulu.

Jumamosi, saa nane mchana, mama jirani alinipigia akilia.

"Shosho hayuko. Haikulia. Nakuapia, haikulia."

Alikuwa nyuma ya nyumba akifua. Kengele haikulia, kwa hiyo hakuinua kichwa. Na kwa nini angeinua? Tulimwambia sisi wenyewe kwamba asikimbiekimbie, kengele itamwambia. Alipompelekea mama chakula alikuta kiti kitupu na lango wazi. Tukiwa bado tunaongea nikasikia mvua ya mawe ikianza kupiga mabati ya kwake, na dakika moja baadaye ikafika kwangu.

Siwezi kusema nilifungaje kibanda. Nakumbuka nimepanda boda boda na mawe yananipiga usoni, na mwendeshaji anaapa kwamba atasimama tujikinge, na mimi namwambia akisimama nitaendesha mwenyewe. Munyaka nilikimbia duka hadi duka nikiuliza kama wamemwona mwanamke mzee mwenye gunia. Kila varanda ilikuwa imejaa watu waliojikinga, na hakuna aliyemwona, kwa kuwa kila mtu alikuwa anatazama mawe yakirukaruka barabarani na kuyapiga picha. Niliwatukana. Watu wasionijua, waliokuwa hawana kosa, niliwatukana wote.

Aliyempata ni ndugu yangu. Alimkuta kwenye shamba la mahindi nyuma ya nyumba za mwisho, amechutama kati ya mistari, gunia kichwani, miguu mitupu. Ndani ya gunia kulikuwa na mahindi mabichi matatu aliyoyavunja kwenye shamba la watu. Nilifika langoni wakati mmoja na wao. Ndugu yangu alikuwa amelowa chapachapa, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope, na mama yuko mgongoni mwake, anatetemeka, midomo imebadilika rangi, damu inamtoka kwenye unyayo.

Sasa nitaandika jambo ambalo naona aibu kuliandika. Wakati mama jirani anamvua mama nguo zilizolowa na kumwashia jiko, mimi sikuwa ndani. Nilikuwa nje kwenye ujia, na mita.

Kibao changu kilikuwa kimeondolewa. Kilikuwa juu ya dirisha, kimefungwa kwenye karatasi kwa uangalifu, kama kitu cha kumrudishia mwenyewe. Waya mpya ulitoka pale betri mbili zinapoungana, ukachukua volti kumi na mbili za betri moja, ukapita kwenye taa ndogo ya dashibodi ya lori, ukaingia kwenye sensa. Nikapima. Kumi na mbili na zaidi, moja kwa moja, kwenye kitu cha tano. Ndani ya sensa kapasita ndogo ilikuwa imevimba na kupasuka. Ilikuwa imefanya kazi kwa mateso siku zile mbili tatu, kisha ikafa bila kumwambia mtu, na sisi tukaendelea kuiamini.

Nilimwita ndugu yangu hapohapo, kwa sauti iliyowatoa majirani nje mvua ikiwa haijaisha.

"Nani alikuambia utoe kibao changu?"

"Si hicho ndicho kilikuwa kinasumbua? Nilikitoa, ikatulia."

Hata hapo alikuwa sahihi, na hilo lilinichoma zaidi.

"Na hii taa?"

"Taa inakula volti. Kila mtu wa malori anajua. Lori ni ishirini na nne, redio ni ya kumi na mbili, unatoa katikati ya betri. Kama bado ni nyingi, unapitisha kwa taa, inakula zile zimebaki."

"Ilikuwa inawaka?"

"Nini?"

"Taa! Ulipoifunga, iliwaka?"

Akafikiri. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kichwani. "Haikuwaka. Nikasema ni vizuri, haichomi."

Hapo breki zangu zilikatika. Nilimweleza kwa makelele, mbele ya watu, jambo ambalo mtu yeyote aliyekaa darasani mwaka mmoja analijua: kwamba taa hula volti pale inapopitiwa na mkondo mwingi. Redio ya lori inakunywa mkondo mwingi, kwa hiyo taa inawaka, inakula sehemu yake, na redio inapona. Sensa inakunywa tone tu. Kwa tone hilo taa haiwezi kuwaka, na taa ambayo haikuwaka haikula kitu, imeziachia volti zote zipite. Nilitaja gereji yake. Nilitaja ujuaji wake. Nikamwambia mama akifa, atakuwa ameuawa na mtoto wake kwa taa ya dashibodi. Nilisema hivyo, kwa maneno hayo, na mama yuko upande wa pili wa ukuta.

Hakunijibu kwa kelele. Alingoja mpaka pumzi ikaniishia.

"Nilikupigia nikakuuliza," akasema.

Majirani walikuwa wanatutazama. Jibu la swali lake la simu lilikuwa neno moja, na ningelitamka bila hata kuweka chini chuma cha kulehemu. Katika ujuaji wake wote, ndugu yangu hajawahi kuidharau namba. Angesikia tano asingethubutu kuipa kumi na mbili, angekuja kibandani na hiyo sensa mfukoni tukagombane vizuri. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, na mimi nikamnyima kwa sababu nilitaka ajione mjinga. Hasira yangu haikuisha baada ya kusikia hayo. Ilibaki kubwa vilevile, ila haikuwa na mahali pengine pa kwenda tena, ikanigeukia.

Mama alilazwa siku tisa kwa ajili ya mapafu. Ndugu yangu na mimi tulipokezana kukaa kando ya kitanda, na hatukuongea ila mambo ya dawa na uji. Siku moja nilimkuta amelala kwenye kiti, ameshika unyayo wa mama uliofungwa bendeji, nikarudi nje kusubiri aamke mwenyewe. Sikumwomba msamaha. Nilitaka, lakini kila nikifungua mdomo lilikuwa linatoka jambo la kutafuta blanketi. Mama alirudi nyumbani amekonda, kikohozi kimemganda, na daktari akatuambia mvua nyingine kama ile hatatoka nayo. Nilidhani miguu yake ingetulia sasa. Siku ya pili tu nikamkuta anainama chini ya meza, anatafuta gunia.

Nilikuwa nimeshatengeneza nyingine: sensa mpya, kibao kile kile, kapasita mbili badala ya moja, na fyuzi. Niliiwasha kibandani wiki nzima, na haikulia ovyo hata mara moja, wala haikukosa mtu hata mara moja. Ndugu yangu alipita kutoka gereji akaishika, akaomba mita, akapima mwenyewe.

"Tano kamili," akasema. Akanirudishia mita. "Iweke, dada. Mambo ya kufuli tuachane nayo. Mimi niliongea tu."

Yeye ndiye aliyetaka kufuli, na sasa hakuitaka. Mama jirani ndiye aliyekataa sensa. Alikuja hadi kibandani kuniambia, na alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kama mtu aliyetoka matangani.

"Mimi siwezi tena kukaa nikingoja kengele. Nikisikia kimya, natetemeka. Mkifunga mlango nitakaa na yeye mpaka mwisho. Mkikosa kufunga, mtafute mtu mwingine."

Ningeweza kubishana naye. Ningeweza kumletea mita, kumwonyesha tano, kumweleza habari ya kapasita. Lakini kimya kile kile kilikuwa kinanitetemesha na mimi. Nilikuwa na chombo nilichokijenga kwa mikono yangu, ninachokijua waya kwa waya, na nilipojaribu kukitundika tena kwenye ujia mikono ilikataa. Nilisimama na bisibisi hewani mpaka mkono ukachoka. Mtu anayetengeneza vitu vya watu na kuvirudisha akiapa kwamba vimepona, alishindwa kukiamini kitu chake mwenyewe kwa mama yake.

Nikanunua kufuli. Mimi, niliyekataa neno hilo lisitajwe. Jumatatu asubuhi nilimwita ndugu yangu aje aifunge, kwa kuwa nilidhani yeye ataweza. Aliichukua, akaipima uzito kwenye kiganja, akanirudishia. Akasema amesahau spana fulani gereji, akaondoka kwa miguu ilhali gari lake lilikuwa pale langoni.

Basi nikangoja. Mama jirani alikuwa nyuma akifua, mlango wa jikoni ameufunga. Mama alipoinuka kutoka barazani akaingia ndani kutafuta gunia, nikavuta mlango wa mbele taratibu, nikapitisha kufuli, nikabonyeza. Nilitaka niondoke kabla hajajua. Nilibaki nimesimama hapohapo.

Viganja vikaanza. Kwanza juu, kisha chini, kisha karibu na kitasa. Akasukuma. Akasukuma tena, nikasikia anavyohema.

"Nani huko nje?"

"Ni mimi, mama."

"Mimi nani?" Hakungoja jibu. "Nisaidie, mama. Hii mlango imekwama."

"Imekwama kweli," nikasema.

"Wacha, usivute, utaumia mkono. Mimi niko na msichana wangu, anatengeneza vitu. Hakuna kitu inamshinda, huyo. Ako na kibanda huko soko. Enda umwambie mama yake anamwita, akuje afungue hii mlango."

Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, umelowa jasho. Nikasema nitamwambia.

"Atakuja?"

"Atakuja."

Viganja vikatulia. Akakohoa, kikohozi kirefu, nami nikahesabu pumzi zake mpaka kikaisha. Kisha akasogea karibu na ufa wa mlango, akasema kwa ile sauti yake ya kupokelea wageni:

"Basi ingia ndani ukunywe chai ukimngoja. Huko nje kuna baridi."